Mrija wa Kumi na Moja

Msije mkaambiwa yalianza kwa maroketi.
Nilikuwepo. Yalianza kwa skonzi.

Kampuni yetu iliuza chai magharibi mwa London,
chai, keki, na mikate ya zabibu kavu,
na wakubwa wetu, watu wa kuhesabu hata makombo,
wakajenga mashine iliyojaza ukumbi mzima
ili iwaambie kabla ya alfajiri
duka la Ealing litauza skonzi ngapi kesho.
Vali maelfu. Joto la kukausha soksi,
na tulizikausha kweli, nyuma ya kabati la tatu.

Mimi nilikuwa kijana wa zebaki.
Mirija ya chuma, mirefu sawa na kimo changu,
ndani yake zebaki, na ndani ya zebaki, sauti.
Ndivyo mashine ile ilivyokumbuka:
namba iligeuzwa mlio, mlio ukatumwa
upenye metali ile nzito hadi mwisho wa mrija,
udakwe palepale, utiwe nguvu, urudishwe mwanzo,
karibu mara elfu kwa sekunde.

Mimi nililielewa hilo kwa miezi sita na vitabu vitatu.
Enid Pocock alilielewa kabla hajavua koti.

Alitoka idara ya mikate: miaka kumi na tisa
ya kujumlisha bili kwa penseli
aliyoichomeka kwenye nywele, akaisahau, akaazima nyingine.
Mtihani wa kuandikia mashine maagizo
ulikuwa wa yeyote, hata wapishi.
Wahandisi walicheka chinichini
mpaka matokeo yalipobandikwa ukutani.

Nikamwonyesha mirija.
"Kwa hiyo inajiambia jambo lilelile
lisije likaipotea?"
"Ndiyo."
"Na ikinyamaza?"
"Imesahau."
Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.
"Kama mama," akasema.

Mama yake, Bi Hester, nyumbani kwao Acton,
aliuliza kila baada ya dakika nne: "Alfred karudi?"
Alfred alikwenda Ubelgiji na bunduki mwaka wa kumi na sita.
Majirani walisema bibi wa watu akili imemhama.
Enid alijibu, "Bado, mama,"
akimenya viazi. "Bado," akifunga dirisha.

Tulikuwa na kipaza sauti kilichounganishwa na mashine,
tuisikie inavyokwenda:
kumbu, kumbu, kumbu, kisha mluzi, kisha kumbu.
Enid angepita koridoni na sinia la vikombe
akasema, bila kusimama, "Mmeruka duka la tisa."
Tukakagua. Tumeliruka.
Usiku mmoja hakuwepo, na Ealing
ikaamka na skonzi elfu nne mlangoni.

Bi Hester alifariki Februari, barafu imeganda mabombani.
Enid alikuja kazini kesho yake.
Hakulia. Aliniomba nafasi moja,
ya mwisho kabisa, mrija wa kumi na moja,
isiyotumiwa na hesabu yoyote ya mkate.
Akatia humo tarakimu tano. Zipi, sikuuliza.
Kila Jumamosi tulizima umeme, zikafutika;
kila Jumatatu alitoa mkobani kipande cha karatasi yenye matundu
akazirudisha, kama mtu anayemwagilia ua
kwenye chungu kisichokuwa chake.
Msimamizi aliona. Alihamia dirishani
akasafisha miwani yake kwa muda mrefu sana.

Miaka minne.

Kisha ikaja mashine mpya, nyembamba,
isiyohitaji zebaki wala kijana wa zebaki.
Wakaniachia mimi swichi.
Enid alisimama mlangoni, koti limefungwa mpaka kooni,
penseli mbili kichwani.
Wengine wote walikuwa chini, wakikata keki ya kuagana.

Kumbu, kumbu, kumbu.

"Tayari?" nikamwuliza.

"Bado," akasema.

Nikaondoa mkono kwenye swichi,
nikavuta kiti, nikakaa.